Mpenzi mliyeachana anatishia kukubambikia kesi India: la kufanya kabla polisi hawajakuita

Kutishiwa kesi bado si kufunguliwa kesi. Maadamu jalada halijafunguliwa kituoni, simu yako iko mkononi mwako, unaweza kuingia mahakamani kwa hiari yako, na kila neno analoandika anayekutishia ni ushahidi wako. Jalada likishafunguliwa, simu huenda ikachukuliwa kama kielelezo na wewe ukaanza kukimbizana na muda. Wengi wanaoumia India huumia kwa sababu ya walichokifanya, au walichoacha kufanya, katika siku zile za mwanzo.

Maelezo haya ni ya Mswahili aliyeko India, awe mwanafunzi Pune, Bengaluru au Jalandhar, mfanyabiashara, au aliyeoa ama kuolewa huko, pamoja na ndugu zake wanaohangaika nyumbani. Mfano hapa chini ni wa mwanamume anayetishiwa na mwanamke, lakini njia ni zilezile kwa mwanamke anayetishiwa kusingiziwa wizi, dawa za kulevya au ukahaba. Na tuseme wazi: mtu anayesema ataripoti jambo lililotokea kweli hatishii, anatumia haki yake. Kama ulimpiga au ulimlazimisha, mwone wakili akutetee kwa yaliyotokea, wala usitumie hatua hizi kumziba mdomo.

Namba za vifungu zimebadilika

Tarehe 1 Julai 2024 India iliacha sheria zake tatu kuu za jinai na kuanza kutumia nyingine. Kanuni ya Adhabu, IPC ya 1860, nafasi yake ilichukuliwa na BNS. Sheria ya Mwenendo wa Jinai, CrPC ya 1973, ikawa BNSS. Sheria ya Ushahidi ya 1872 ikawa BSA. Tuhuma za matukio ya kabla ya tarehe hiyo bado huandikwa kwa vifungu vya makosa vya IPC, kwa hiyo usishangae kuona namba za zamani kwenye karatasi mpya.

Mtego mkubwa uko kwenye namba 482. Katika CrPC, 482 kilikuwa kifungu cha kuiomba Mahakama Kuu ifute kesi. Katika BNSS, 482 ni dhamana ya kabla ya kukamatwa, na kufuta kesi kumehamia 528. Ukisoma ushauri wa zamani mtandaoni ukamwambia wakili "nataka 482", mnaweza kuwa mnazungumza mambo mawili tofauti. Taja ombi lenyewe, namba mwachie yeye.

Usifanye haya

Usilipe. Malipo ya kwanza humfundisha anayetishia kwamba una hofu na una pesa, na baadaye muamala huohuo utasomwa mahakamani kama fidia uliyotoa kwa sababu unajua una kosa. Kama umeshalipa, weka risiti za UPI (malipo ya India kwa simu) au za benki, maana zikiambatana na ujumbe wa kudai zinathibitisha kuwa pesa ilitolewa kwa vitisho.

Usitukane, usiende kwake, usimtume rafiki "akaongee naye". Mwanamume anayemfuatafuata mwanamke aliyekwisha kumkataa anatenda kosa chini ya kifungu cha 78 cha BNS. Ungeenda kusuluhisha ukarudi na kosa la kweli.

Usianike jambo mtandaoni. Kumtaja kwa jina, au kwa chochote kinachomtambulisha, mtu aliyelalamika kuwa amebakwa ni kosa chini ya kifungu cha 72, kifungo hadi miaka miwili, hata kama malalamiko yake ni ya uongo. Na picha zake za faragha ulizonazo usizisambaze wala usizitumie kumtishia na wewe. Hapo utakuwa umemkabidhi kesi.

Usifute kitu. Watu hufuta jumbe za mapenzi kwa aibu, na hizo mara nyingi ndizo zinazookoa. Kifungu cha 69 cha BNS kinaadhibu kwa kifungo hadi miaka 10 anayefanya mapenzi na mwanamke kwa kumwahidi ndoa asiyokusudia kuitimiza. Katika shauri la Pramod Suryabhan Pawar la 2019, Mahakama ya Juu ilitenganisha ahadi iliyokuwa ya uongo tangu mwanzo na ahadi ya kweli iliyoshindikana baadaye. Ujumbe wa mwaka juzi mlipokuwa mnajadili mahari, tikiti ya kwenda kwao kuwasalimu wazazi, simu uliyompigia mama yako kumwelezea binti: hayo yanaonyesha nia yako ilikuwa ya kweli. Ukiyafuta unabaki na neno lako tu dhidi ya lake.

Jibu moja linatosha, kwa maandishi: "Hayo unayosema sijayafanya. Sitalipa. Ukiwa na jambo, wasiliana na wakili wangu." Halafu nyamaza, lakini usimfungie namba. Acha aandike.

Tishio lipi ni kosa kisheria

Ujumbe wa vitisho hauna uzito mmoja. Chukua mfano huu: "Nitumie laki tano kabla ya Ijumaa, la sivyo naenda kituoni kusema ulinibaka." Hapa kuna dai la mali, kuna hofu, na hofu yenyewe ni ya kushtakiwa kwa kosa zito. Kifungu cha 308(6) cha BNS kinazungumzia jambo hilihili: kumtia mtu hofu ya kushtakiwa kwa kosa lenye adhabu ya kifo, kifungo cha maisha au hadi miaka 10, ili kujipatia mali. Adhabu yake inafika miaka 10. Kama pesa ilishatolewa, ni 308(7).

Sasa ondoa pesa: "Usiponirudia nitakufungulia kesi ya uongo uozee jela." Hakuna mali inayodaiwa, kwa hiyo 308 inalegea. Kinachobaki ni kifungu cha 351, kutishia ili kumlazimisha mtu afanye jambo, adhabu hadi miaka miwili. Kwa kawaida hilo ni kosa ambalo polisi hawawezi kulipeleleza bila amri ya hakimu. Wataliandika kwenye daftari, wakupe namba, basi. Neno "utaona" au "nitakuonyesha" peke yake halikufikishi mbali. "Nitakwenda polisi kwa uliyonitendea" si kosa kabisa, na ukilipeleka kituoni kama tishio utaonekana wewe ndiye unayemzuia mtu kulalamika.

Kwa hiyo kabla hujaenda popote, pitia jumbe zote uzipange kwa tarehe, uweke alama zile zenye dai na zenye maneno yanayokiri kuwa tuhuma ni ya kutunga. Mara nyingi kuna moja au mbili tu zenye uzito, na ndizo wakili atakazozijengea hoja.

Ushahidi wa simu: hapa ndipo kesi nyingi huvuja

Skrinshoti iliyokatwa pembeni, yenye jina "Baby" juu badala ya namba, haina tarehe wala mwanzo wa mazungumzo, ni rahisi kuipinga. Fanya hivi:

1. Fungua taarifa za mwasiliani ili namba yenyewe ionekane, upige picha ya skrini. Kisha piga picha za mazungumzo mfululizo, kila moja ikianza na mstari uliomalizia iliyotangulia.
2. Zima jumbe zinazojifuta zenyewe. Ujumbe ambao unafunguka mara moja tu upige picha kwa simu ya pili.
3. Toa nakala ya gumzo lote la WhatsApp pamoja na picha na sauti, ujitumie kwenye barua pepe. Tarehe ya barua pepe hiyo inasaidia kuonyesha lini ulikuwa nayo.
4. Simu yenyewe usiiuze, usiirudishe kiwandani, usibadilishe laini. Ndiyo ushahidi halisi. Karatasi ni nakala.
5. Sauti za simu zihifadhi kama zilivyorekodiwa, bila kukata vipande. Mahakama ya Juu iliamua katika shauri la R.M. Malkani la 1973 kwamba rekodi ya mazungumzo hupokelewa ikiwa inahusiana na shauri, sauti zinatambulika na haijachezewa.

Nakala ya kielektroniki haipokelewi mahakamani bila cheti cha kifungu cha 63 cha BSA. Cheti hicho kina sehemu mbili, moja hujazwa na anayeleta ushahidi na nyingine na mtaalamu, na kinabeba alama ya kihesabu ya faili, SHA256 kwa mfano, ambayo hubadilika hata ukibadilisha herufi moja. Ndiyo maana faili lisihaririwe hata kidogo baada ya hapo. Katika shauri la Arjun Panditrao Khotkar la 2020, chini ya sheria ya zamani, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba cheti ni lazima pale isipoletwa simu au kompyuta yenyewe.

Kama mlikuwa mkiandikiana Kiswahili, hakuna askari wa Noida wala hakimu wa Pune atakayekielewa. Tafuta tafsiri ya Kiingereza iliyoapiwa, mstari kwa mstari, na utani uelezwe kuwa ni utani. "Nitakuua wewe" ya kucheka, ikitafsiriwa kikavu, inaweza kukugeukia.

Kuna ushahidi usio mkononi mwako pia. Kamera za hosteli, hoteli na maduka nyingi hujifuta baada ya wiki chache, kwa hiyo mwandikie mwenye jengo mapema akihifadhi kipande cha siku fulani, na ubaki na nakala ya barua iliyopokelewa. Kumbukumbu za simu kutoka kwa kampuni ya mawasiliano huwezi kupewa ukiomba mwenyewe; mahakama au polisi huziagiza kupitia kifungu cha 94 cha BNSS.

Kulalamika wewe kwanza

Barua ya malalamiko iwe fupi: ni nani, mlikuwa na uhusiano gani na uliisha lini, ametishia nini, tarehe ngapi, amedai nini, na viambatisho. Usimhukumu tabia yake. Peleka kituo cha polisi cha eneo lako, udai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako au namba ya daftari la kituo. Wakikataa kupokea, kifungu cha 173(4) cha BNSS kinakuruhusu kumtumia Mkuu wa Polisi wa wilaya kwa posta. Tuma kwa Speed Post na utunze risiti. Akinyamaza, unakwenda kwa hakimu chini ya 175(3) ukiwa na hati ya kiapo inayoeleza kuwa hatua hizo mbili ulizipitia. Wanaoruka hatua moja hurudishwa.

Usitegemee kwamba malalamiko yako yatamzuia yeye kufungua yake. Tangu uamuzi wa Lalita Kumari wa 2013, polisi wanapopewa taarifa inayoonyesha kosa ambalo wanaweza kukamata bila hati, wanawajibika kufungua FIR, yaani jalada la taarifa ya kwanza ya kosa. Faida ya barua yako ni tarehe. Tuhuma inayokuja wiki mbili baada ya wewe kuripoti kwamba unatishiwa tuhuma hiyohiyo husomwa na jaji kwa jicho jingine.

Wengine hushauriwa "weka caveat", yaani ombi la kutaka mahakama isitoe amri bila kukusikiliza. Hilo ni la mashauri ya madai, kifungu cha 148A cha sheria ya mwenendo wa madai. Kwenye jinai halikusaidii chochote. Barua ya wakili ya kumwonya aache nayo ipime: kwa anayetaka pesa huwa inamrudisha nyuma, kwa aliyejaa hasira inaweza kumsukuma kituoni jioni hiyohiyo. Ni afadhali dhamana itangulie.

Dhamana kabla ya kukamatwa

Hii ndiyo ngao yenyewe, na si lazima FIR iwepo. Shauri la Gurbaksh Singh Sibbia la 1980 lilisema inatosha kuwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba utakamatwa, na Sushila Aggarwal la 2020 likaongeza kwamba dhamana hiyo kwa kawaida haiwekewi ukomo wa muda. Sababu ya msingi ni zile jumbe zenye alama. Hofu tupu, "nahisi atanifanyia kitu", hukataliwa.

Maombi huanzia kwa kawaida Mahakama ya Sessions, ile ya jinai ya ngazi ya wilaya, na yakikataliwa yanakwenda Mahakama Kuu ya jimbo. Wakati mwingine mahakama haitoi dhamana yenyewe bali inaamuru polisi wakupe taarifa ya siku kadhaa kabla ya kukukamata. Usilidharau, maana siku hizo zinakutosha kurudi mahakamani. Masharti ya kawaida ni kufika kuhojiwa ukiitwa, kutogusa mashahidi, na kutotoka India bila ruhusa ya mahakama.

Kuna pale ambapo mlango huu umefungwa. BNSS inaufunga kwa tuhuma za kubaka msichana wa chini ya miaka 16, na za ubakaji wa genge dhidi ya aliye chini ya miaka 18. Sheria ya 1989 inayolinda Dalit (watu wa matabaka yaliyobaguliwa) na makabila ya asili nayo inaufunga, isipokuwa pale ambapo maelezo ya mlalamikaji hayaonyeshi kosa hilo hata kwa kuyasoma tu. Na umri wa ridhaa India ni miaka 18. Kama mwenzako alikuwa na 17, ridhaa yake si utetezi, na mpango mzima wa kesi unabadilika.

FIR ikishafunguliwa

FIR nyingi huwekwa kwenye tovuti ya polisi ndani ya saa 24, lakini za makosa ya kingono haziwekwi. Kutoiona mtandaoni si dalili ya usalama. Wakili anaweza kuomba nakala iliyothibitishwa.

Kwa makosa yenye adhabu isiyozidi miaka 7, uamuzi wa Arnesh Kumar wa 2014 unasema kukamata si jambo la moja kwa moja. Polisi hukupa kwanza wito wa kifungu cha 35(3) cha BNSS. Humo mna ukatili wa mume chini ya kifungu cha 85 cha BNS, ambacho zamani kilikuwa 498A, unyanyasaji wa kingono wa kifungu cha 75, na vitisho. Ubakaji na kifungu cha 69 havimo. Ukipata wito, nenda siku uliyoitwa, na wakili; kutofika ndiko kunakowapa sababu ya kukukamata. Januari 2025 Mahakama ya Juu iliwakataza polisi kutuma wito huo kwa WhatsApp, lakini ukiletewa hivyo mwonyeshe wakili badala ya kuupuuza. Anayekupigia simu ya video akiwa amevaa sare na kusema umekamatwa hapohapo mpaka ulipe ni tapeli. Namba ya kuripoti utapeli huo ni 1930.

Kituoni, maelezo unayotoa kwa mpelelezi hayasainiwi, sheria yenyewe inakataza, na kukiri mbele ya polisi si ushahidi dhidi yako. Karatasi ya Kihindi au Kimarathi usiyoisoma usiisaini. Ukikamatwa una haki ya kupewa sababu kwa maandishi, ndugu au rafiki ajulishwe, uonane na wakili, na ufikishwe kwa hakimu ndani ya saa 24. Upelelezi usipokamilika kwa siku 60, au 90 kwa makosa mazito, unastahili dhamana, ila ni lazima uiombe kabla hati ya mashtaka haijawasilishwa. Ikichelewa kuombwa kwa siku moja, imepotea.

Kuomba Mahakama Kuu ifute kesi chini ya 528 kunawezekana, na vigezo viliwekwa katika Bhajan Lal, 1992. Tatizo ni kwamba jaji katika hatua hiyo hapimi nani mkweli. Anauliza kama maelezo ya FIR, yakichukuliwa yalivyo, yanaunda kosa. Chuki ya mlalamikaji peke yake haitoshi. Jumbe zisizopingika zinazogongana na FIR yenyewe ndizo zenye nafasi. Kesi za ndoa za kifungu cha 85 Mahakama Kuu inaweza kuzifuta mkipatana. Ubakaji kwa kawaida haifuti hata mkipatana, kwa hiyo mtu akikuambia "mpe pesa kesi iishe nje", anakuuzia kitu ambacho mlalamikaji hana uwezo wa kukupa.

Ukiwa mgeni

Chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963, ibara ya 36, una haki ubalozi wako ujulishwe unapokamatwa. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi New Delhi. Ubalozi hautakulipia wakili wala kuingilia mahakama, lakini unaweza kufuatilia unakoshikiliwa na kuwajulisha ndugu zako. Msaada wa wakili wa bure unaulizwa kwa namba 15100.

Usijaribu kukimbilia nyumbani FIR ikishakuwepo. Polisi wanaweza kuomba jina lako liwekwe kwenye orodha ya wanaozuiwa kwenye viwanja vya ndege, na ukikamatiwa uhamiaji hoja ya kwamba wewe ni mtoro imeshajithibitisha. Pasi ya kusafiria ikichukuliwa, dai hati ya mali zilizokamatwa, na kama viza inakaribia kuisha iwahi FRRO, ofisi ya kusajili wageni, kabla tarehe haijafika. Kukaa bila viza ni kosa jingine lisilohusiana na ukweli wa tuhuma. Zamani mahakama nyingine zilimdai mgeni cheti cha ubalozi wake kwamba hatatoroka. Julai 2024, katika shauri la Frank Vitus, Mnigeria, Mahakama ya Juu ilisema mgeni asinyimwe dhamana kwa sababu ubalozi umekataa kutoa cheti hicho.

Kumshtaki aliyekusingizia

Hili huja mwisho, na watu hulitaka mwanzo. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kifungu cha 217 cha BNS, lakini mahakama hulipokea tu likiletwa na mtumishi wa umma aliyedanganywa. Kumfungulia mtu kesi ya uongo kwa nia ya kumdhuru ni 248, hadi miaka 5, au 10 kama kosa alilokusingizia ni zito. Aliyedanganya mahakamani hufuatwa kwa maombi ya kifungu cha 379 cha BNSS mbele ya mahakama ileile. Kote huko kuachiwa huru hakutoshi: "haikuthibitishwa" na "ilitungwa" ni matokeo mawili tofauti, na wewe lazima uonyeshe la pili.

Fidia ya kushtakiwa kwa hila hudaiwa kwenye mahakama ya madai, na muda wake ni mwaka 1 tangu ulipoachiwa huru au kesi ilipokoma kwa namna nyingine. Chukua nakala iliyothibitishwa ya hukumu wiki hiyohiyo, kwa sababu bila hiyo wakili hawezi kufungua dai.